Kidude Kimepotea, Rekodi Imebaki: Historia ya Vifuatiliwa vya Jiokashi

Baada ya wiki kadhaa za kuzungumzia seva na nywila, leo naomba tuhamie kwenye mchezo. Usifunge ukurasa ukidhani nimeacha mambo ya programu. Ndani ya mchezo huu kuna swali la hifadhidata ambalo limenikaa kichwani tangu chuo kikuu: unaandika nini kwenye rekodi ya kitu ambacho kina nambari, kina mwenyewe, kina historia ndefu, ila hakuna ajuaye kiko wapi?

Mchezo unaitwa jiokashi. Mtu anaficha kasha mahali fulani, msituni au katikati ya mji, kisha anachapisha latitudo na longitudo yake kwenye mtandao. Wengine wanakuja na GPS zao, wanalitafuta, wanaweka sahihi kwenye daftari lililomo ndani, wanalirudisha palepale, halafu wanaripoti mtandaoni kwamba wamelipata. (Bahati yetu ni kwamba neno lao na neno letu la kasha yanakaribiana kiasi kwamba sikuhitaji kubuni jipya.) Ndani ya makasha hayo husafiri vitu vidogo vyenye nambari, ambavyo mimi nitaviita vifuatiliwa. Safari zao zinaandikwa mtandaoni, kasha kwa kasha, nchi kwa nchi. Na vinapotea sana. Historia ya vifuatiliwa, ukiitazama vizuri, ni historia ya watu kujifunza kuishi na kupotea huko.

Tuanze mwanzo.

Hadi mwaka 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS waliyotumia raia. Kifaa chako kingeweza kukuambia uko hapa, kumbe uko mita 100 kando. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulizimwa, na vifaa vilevile vilivyokuwa mikononi mwa watu vikawa sahihi takriban mara 10 zaidi. Hakuna aliyepakua chochote. Hebu fikiria sasisho la programu linaloshuka kutoka angani kwa dunia nzima, bila kuombwa kuwasha kifaa upya!

Kesho yake, tarehe 3 Mei, mshauri wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer aliamua kuujaribu usahihi huo mpya. Alichukua ndoo nyeusi akaificha kwenye vichaka karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani aliweka vitabu, kanda za video, programu za kompyuta, manati, na kopo la maharagwe. Kisha akatangaza mahali ilipo kwenye kikundi cha Usenet kilichoitwa sci.geo.satellite-nav. Masharti yake yalikuwa mafupi: chukua kitu, acha kitu, andika kwenye daftari. Siku 3 hazikupita kabla ya wasomaji wawili kuipata. Wa kwanza, Mike Teague, akaanza kukusanya taarifa za makasha mengine kwenye ukurasa wake. Jina la mchezo lilipendekezwa na Matt Stum mwishoni mwa mwezi huohuo. Tarehe 2 Septemba 2000, mtengenezaji wa tovuti wa eneo la Seattle, Jeremy Irish, akafungua Geocaching.com. Dunia nzima wakati huo ilikuwa na makasha 75 yaliyojulikana.

Sasa rudi kwenye masharti ya Ulmer: chukua kitu, acha kitu. Hapo ndipo mbegu ya tatizo letu ilipo. Vitu vilianza kuhama tangu ndoo ya kwanza, na hakuna aliyekuwa akiviandikia safari. Manati ya Ulmer ilienda wapi? Kopo la maharagwe ndilo lina hadithi nzuri zaidi, kwa sababu lilikuja kupatikana baadaye, likapewa nambari, na leo nalo ni kifuatiliwa chenye ukurasa wake. Dhana yangu ni kwamba lilidumu kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayechukua maharagwe yaliyotoka msituni.

Wazo la kitu kinachopitishwa mkono kwa mkono na watu wasiojuana halikuanzia hapo. Huko Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1854 kiongozi wa watalii aitwaye James Perrott aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili waliotembea hadi huko waache kadi zao. Kutokana na chupa hiyo ulikua mchezo wa visanduku vya barua, wenye mihuri na madaftari, na baadaye wachezaji wake wakabuni mihuri inayosafiri kutoka sanduku hadi sanduku. Mhuri wa aina hiyo hubeba daftari lake mwenyewe. Hili naomba ulishike, tutalirudia: daftari la safari linasafiri pamoja na kitu. Mhuri ukitumbukia kwenye kinamasi, safari zake zote zinazama nao.

Kisha ikaja intaneti. Desemba 1998 mtaalamu wa hifadhidata Hank Eskin alianzisha tovuti ya Where's George?, ambapo unaandika nambari ya noti ya dola uliyonayo na mahali ulipo, halafu unaitumia noti kama kawaida. Mtu mwingine akiipata na akaiandika, unaona imefika wapi. Aprili 2001 Ron Hornbaker na wenzake wakafungua BookCrossing, ambapo kitabu kinapewa nambari na kuachwa kwenye kiti cha bustani au hotelini asome mwingine. Katika tovuti zote mbili, kunyamaza ndiyo hali ya kawaida. Noti nyingi zilizoandikishwa kwa Eskin hazikuripotiwa tena hata mara moja. Lakini hakuna aliyelia, kwa sababu noti ile haikuwa yako tena ulipoinunulia mkate. Tena wingi wa zile chache zilizoripotiwa ulitosha kufanya sayansi: mwaka 2006 wanafizikia watatu, Brockmann, Hufnagel na Geisel, walichapisha kwenye jarida la Nature uchambuzi wa safari za noti zaidi ya 460,000 wakieleza jinsi watu wanavyosafiri, na kazi hiyo ikawavutia wanaotafiti kuenea kwa magonjwa.

Kifuatiliwa cha jiokashi ni tofauti kwa jambo moja kubwa. Kinabaki chako.

Kibati chenye nambari

Mwaka 2001 kampuni ya Groundspeak, inayoendesha Geocaching.com, ilileta kibati kiitwacho Travel Bug. Ni kipande cha alumini kinachofanana na vile vibati wanajeshi huvaa shingoni, chenye nambari iliyochongwa. Unakifunga kwenye kitu chochote, mwanasesere au gari la kuchezea, unakipa lengo (kwa mfano, kifike baharini, au kizunguke nchi zote za Skandinavia), unakiacha ndani ya kasha, basi. Anayekikuta anakichukua, anaripoti, anakipeleka kwenye kasha jingine. Mwaka huohuo mchezaji wa jimbo la Washington anayejulikana kama Moun10Bike alitengeneza sarafu zake za metali zenye nambari, na kutokana na hizo ikazaliwa familia ya pili ya vifuatiliwa, sarafu za jiokashi.

Kama mtengenezaji wa programu, kinachonifurahisha kwenye kibati hiki ni mpango wake wa nambari. Kila kifuatiliwa kina misimbo miwili. Wa kwanza unaanza na TB na uko wazi kwa kila mtu. Ndio anwani ya ukurasa wake. Wa pili umechongwa kwenye kibati chenyewe na haupaswi kuchapishwa popote. Ukiuandika kwenye tovuti, unathibitisha kwamba ulikiona kibati kwa macho yako. Yaani nywila iliyochongwa kwenye bati! Usalama wake ni mdogo, kwani mtu mmoja akiupiga picha na kuutundika mtandaoni, watu wa mbali wataanza kudai wamekiona wakiwa wamekaa sebuleni kwao. Hilo limetokea mara nyingi na bado linatokea.

Nikipenyeza jambo dogo hapa: tovuti hiyo ilipoanza kuishiwa nambari fupi za makasha, ilihamia kwenye mfumo wa tarakimu 31, yaani 0 hadi 9 pamoja na herufi za Kiingereza isipokuwa I, L, O, S na U. Aliyebuni hivyo alijua kwamba mtu atasoma nambari kwenye mvua, gizani, na atachanganya O na 0, S na 5. Ningependa wanaotengeneza nambari za risiti na za kuponi hapa kwetu wajifunze.

Turudi kwenye njia. Unakumbuka mhuri wa Dartmoor na daftari lake? Travel Bug ilitenganisha hivyo viwili. Kitu kinasafiri, daftari linabaki kwenye seva. Ndiyo maana kikipotea, ukurasa wake bado upo na safari zote, picha zote, kilomita zote. Jambo hilo ni zuri kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine ndilo lililoleta usumbufu mpya kabisa, kwa sababu sasa kuna rekodi inayoendelea kudai jambo fulani kuhusu kitu ambacho haikioni.

Vinavyopotea

Sababu ni nyingi na karibu zote ni za kawaida tu. Kasha limesombwa na mafuriko. Mtu asiye mchezaji amelikuta (wachezaji humwita Muggle, neno walilolitoa kwenye vitabu vya Harry Potter) akadhani ni takataka. Mchezaji mgeni aliyepakua programu kwenye simu wiki iliyopita ameona kichezeo kizuri, amekumbuka ile sheria ya chukua kitu acha kitu, na amempelekea mtoto wake. Mwingine alikichukua kwa nia njema, akakiweka kwenye mfuko wa begi, akahama mji, akaacha kucheza. Na wapo wanaoiba kwa makusudi, hasa sarafu, kwa kuwa ni nzuri na watu huzikusanya.

Kila mchezaji wa zamani atakupa ushauri uleule: usiachie kitu ambacho hutastahimili kukipoteza. Ni ushauri mzuri, lakini haukuambii la kufanya siku kikipotea.

Tazama jinsi rekodi inavyokosea. Kwa mfumo wa tovuti, kifuatiliwa kinaweza kuwa ndani ya kasha fulani, mikononi mwa mchezaji fulani, au kwa mwenyewe. Kinahama pale tu mtu anaporipoti. Kikiibwa, hakuna anayeripoti, kwa hiyo ukurasa wa kasha unaendelea kusema kimo ndani. Mzazi anawaambia watoto kwamba leo twende tukamchukue dubu aliyetoka Ufini. Wanatembea saa mbili, wanafungua kasha, hakuna dubu. Wanaandika hakumo. Wiki ijayo familia nyingine haisomi maelezo hayo, inaenda tena. Uongo huu haukusemwa na mtu yeyote. Ni rekodi iliyokuwa kweli siku moja na ikaachwa.

Dawa iliyoundwa ni kitufe cha kutangaza kwamba kimepotea. Mwenye kifuatiliwa anaweza kukibofya, na mwenye kasha pia anaweza. Kikibofywa, kidude kinaondolewa kwenye orodha ya kasha na mahali pake panaandikwa kwamba hapajulikani. Hakuna anayeshtakiwa. Rekodi haisemi kimeibwa, haisemi kimekufa.

Sisi Wakenya tunaujua mpango huu. Ukipoteza kitambulisho unaenda kituo cha polisi, kunaandikwa kwenye kitabu cha OB, unapewa abstrakti. Karatasi ile haisemi ni nani alikichukua wala kama kitapatikana. Inasema tu kwamba kuanzia leo, mtu asikitegemee. Kwa karatasi hiyo isiyojua chochote unaweza kwenda kuanza upya.

Kwa upande wa hifadhidata, hapa ndipo penye utamu. Edgar Codd, aliyetupa hifadhidata za mahusiano kwa makala yake ya 1970, alitaka mifumo yote iwe na njia moja ya kuandika thamani isiyokuwepo, na SQL ikatupa NULL. Wengi tunaichukia. Tony Hoare, aliyeweka rejeo tupu kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, aliuita uamuzi wake kosa la dola bilioni moja alipohutubia mkutano London mwaka 2009. Rejeo lake na NULL ya SQL ni vitu viwili tofauti, lakini ni ndugu: vyote vinajaza nafasi ya kitu kisichokuwepo na kukuachia wewe mtumiaji ushangae.

Jaribu mwenyewe. Tengeneza jedwali la vifuatiliwa lenye safu ya nchi, na kwa vilivyopotea weka NULL. Uliza vilivyo Kenya: vilivyopotea havitokei, sawa. Sasa uliza visivyo Kenya: havitokei tena! Kwa mantiki ya SQL, NULL si sawa na Kenya na wala si tofauti na Kenya. Jibu ni haijulikani, na safu mlalo ya haijulikani hairudishwi. Kidude kimepotea msituni, kisha kimepotea tena ndani ya hoja yako. Nimeona ripoti za mauzo zikipoteza wateja kwa njia hiyohiyo, na mkutano mzima ukitafuta mchawi.

Codd mwenyewe aliona tatizo la ndani zaidi. Katika kitabu chake cha 1990 alipendekeza alama mbili badala ya moja: moja ya thamani ambayo ipo ila hatuijui, nyingine ya thamani ambayo haiwezi kuwepo kabisa. Mfano wa kawaida ni simu ya mfanyakazi: anayo ila hatujaiandika, au hana simu. SQL haikuifuata. Sasa chukua kifuatiliwa kilichopotea. Kama kiko kwenye droo Stuttgart, mahali pake papo, hatupajui tu. Kama kasha liliungua moto na kibati kikayeyuka, hakina mahali tena. Mtazamaji hawezi kuzitofautisha hali hizo mbili, na hata Codd na alama zake mbili asingeweza, kwa sababu anayezitofautisha ni mtu mmoja tu, yule mwenye droo, naye amenyamaza.

Waliobuni mchezo walifanya jambo la busara hapa. Hawakuweka hali ya kufa. Kifuatiliwa kilichotangazwa kupotea hakifungwi. Akitokea mtu baada ya miaka 7 akiwa na kibati mkononi, anaandika msimbo wa siri na safari inaendelea palepale ilipokatika. Na hutokea. Watu wanahama nyumba, wanafungua maboksi, wanakuta dubu. Hata ripoti ya tarehe ya nyuma inakubalika, na mwenye kidude ana njia ya kuagiza kilomita zihesabiwe upya ili njia ikae sawa.

Nakala mbili

Jambo jingine ambalo wageni wa mchezo hawalijui: ukinunua Travel Bug, unapata vibati viwili vyenye nambari ileile. Kimoja kinaondoka na kidude, kingine ni nakala yako ya kumbukumbu. Basi kidude kikipotea, unaweza kufunga nakala kwenye kidude kingine na kukiachia upya chini ya ukurasa uleule.

Hili nimekutana nalo mwenyewe. Mwaka 2022 nilitoa kitufe cha Ctrl kwenye kipakatalishi changu cha kwanza, kile nilichosomea shahada na ambacho kilishakufa siku nyingi. Nilikitoboa tundu, nikakifunga kibati. Rafiki aliyekuwa akienda Ujerumani alikibeba na kukiacha kwenye kasha la Bavaria. Kilipita mikono minne, kikapigwa picha kwenye theluji (mimi theluji yenyewe sijaikanyaga), kisha mapema mwaka 2024 mgeni wa kasha akaandika kwamba hakimo. Wa pili akasema hivyohivyo, na wa tatu. Nilimwandikia wa mwisho aliyekishika. Alijibu kwa upole kwamba alikiweka ndani na hana zaidi. Nikabofya.

Swali likabaki: niachie nakala? Kibati kina nakala. Kitufe hakina. Nikifunga nakala kwenye kitufe kingine cha Ctrl, nilichokinunua River Road, ukurasa utasema kitufe hiki kimetoka Nairobi, kimeona theluji, kilomita elfu sita na ushee. Hakitakuwa kimeona theluji. Na siku kile cha kwanza kikitoka kwenye droo, kutakuwa na vitu viwili vyenye ufunguo mmoja, na ramani itaruka kutoka bara hadi bara kama GPS ya kabla ya Mei 2000.

Wachezaji wamegawanyika kuhusu hili, na mimi siwezi kukubaliana na upande mmoja kikamilifu. Walimu wengi hutumia vifuatiliwa kufundisha jiografia. Darasa limetundika ramani ukutani na linasubiri habari ya dubu wake. Kuwaambia watoto wa miaka 8 kwamba mahali hapajulikani, kwaherini, ni ukatili usio na faida. Waachie nakala, ila waandike kwenye maelezo ya ukurasa tarehe ambayo dubu wa pili alianza. Hapo rekodi haidanganyi mtu. Kwa kitufe changu nimechagua kukaa na nakala. Iko kwenye bilauri ya kalamu mezani.

Wengine hawasubiri kupoteza. Wapo wanaokaa na sarafu halisi nyumbani na kuachia kadi iliyofunikwa plastiki yenye picha na nambari yake. Wapo wanaotoboa sarafu tundu katikati ili mwizi asione faida ya kuikusanya. Inauma kuitazama, lakini inafanya kazi. Wengi hufunga kadi ndogo inayoeleza kwamba kitu hiki si zawadi, kina safari, kisogeze mbele. Kati ya njia zote mimi naiamini hii ya kadi, kwa sababu inamlenga yule mgeni mwenye simu, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Na wapo wanaojitolea kupita kwenye makasha ya mbali kuokoa vidude vilivyosahaulika na kuvirudisha barabarani.

Vingine vimepelekwa ambako kupotea ni kugumu. Oktoba 2008 Richard Garriott, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta ya Ultima, alipanda kwa gharama yake hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, akaweka kasha huko pamoja na Travel Bug. Novemba 2013 mwanaanga Rick Mastracchio alipeleka nyingine iliyofuatwa na watoto wa shule moja ya Connecticut. Halafu tarehe 18 Februari 2021 gari la Perseverance likatua Mirihi. Mbele yake kuna kibao cha sampuli za kurekebishia chombo kiitwacho SHERLOC, na sampuli moja, kipande cha plastiki ya kioo cha kofia ya mwanaanga, ina msimbo wa kifuatiliwa. Wachezaji huusoma kwenye picha zinazotumwa na gari lenyewe, wanaandika kwamba wamekiona. Huko hakuna Muggle, hakuna mafuriko, hakuna begi la kukisahau. Gari likisogea, kinasogea nalo.

Vyetu vya hapa chini viko mikononi mwa watu. Ukifungua kasha ukakuta kibati, andika nambari yake siku hiyohiyo kabla hujalala. Ukikosa nafasi ya kukipeleka mbali, kirudishe, si lazima ukichukue. Ukikuta ukurasa unasema kimo na hakimo, liandike hilo pia, kwani mwenye kasha anasubiri ripoti yako ndipo abofye.

Na kama unasoma haya ukiwa Bavaria au kwingineko, na kwenye droo yako kuna kitufe cha Ctrl chenye tundu pembeni, huna haja ya kueleza kilivyofika hapo. Nambari iko kwenye kibati. Iandike tu.